Habari za Motokaa Iliyotolewa kwa Ajili ya Zahanati
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa jubilei



Tumeombwa na wasimamizi wa sikukuu hii tuseme maneno machache juu ya zawadi zilizoletwa kwa ajili ya zahanati yetu. Twaona si vema kuwasomea orodha ndefu ya majina na fedha, kwa maana orodha hiyo imekwisha kubandikwa mlangoni, na kila ajuaye kusoma amekwisha kulitafuta jina lake. Basi tumechagua zawadi moja tu, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa uvumi, na uvumi huo umetiwa chumvi nyingi. Wako wasemao kwamba Mwingereza mmoja alituletea motokaa ya thamani kubwa, na sisi wa halmashauri tukaificha. Wako wasemao kwamba tuliikataa kwa kiburi. Habari yenyewe ni hii.

Mwaka 2021 tulipata barua kutoka kwa rafiki yetu mmoja aliyeko Uingereza. Wazee wanamkumbuka: ni yule daktari kijana aliyekaa nasi tangu 1974 hata 1977, akawatibu watu katika nyumba ya udongo iliyokuwapo kabla ya jengo hili. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe ametukataza. Katika barua aliandika kwamba amepita miaka 75, macho yake yamefifia, na daktari mwenziwe amemwambia asiendeshe tena. Anayo motokaa moja ya zamani, aina ya MGB, iliyoundwa mwaka 1967, nyekundu, ya viti viwili, na paa lake ni turubai la kukunjwa. Aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1971, kabla hajaja kwetu. Na miaka yote mitatu aliyokaa huku ilimngoja katika banda la baba yake. Tangu siku ile ameitunza miaka 50. Mwisho wa barua aliandika hivi: "Nataka kuwapa ninyi. Nifanyeje?"

Neno hilo, "nifanyeje", lilitusumbua karibu mwaka mzima. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo rafiki yetu alikuwa nao tele; lakini tuliona upesi kwamba moyo peke yake hauwezi kuitoa motokaa bandani kule Uingereza hata ikawa dawa na chanjo huku kwetu. Kati ya moyo wa mtoaji na mkono wa mpokeaji pana njia, na katika njia ile wamo forodha, dalali, mtoza kodi, fundi, na watoto wa mtoaji mwenyewe.

Kwanza yafaa tuwaeleze ni chombo gani hiki, kwani wengi wenu hamjakiona. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walisifiwa sana kwa kuunda motokaa ndogo za kasi, za kumpendeza mwendeshaji. MG zilitoka Abingdon, Triumph zilitoka Coventry, na Jaguar nazo zilitoka Coventry. Mwaka 1961 walitokeza Jaguar aina ya E, ambayo hata leo watu husimama njiani kuitazama. Si gari la kuchukulia mahindi, wala si la kumchukulia mgonjwa. Watu wawili huketi chini karibu na barabara, miguu imenyoshwa mbele, upepo unapiga usoni, na nyuma pana nafasi ya mzigo mdogo tu. MGB iliundwa tangu 1962 hata 1980, na zilizotoka kiwandani zilipita 500,000. Mwaka ule ule wa 1980 kiwanda cha Abingdon kilifungwa. Kwa hiyo waliobaki na motokaa hizi wakaanza kuzitunza kama mtu atunzavyo kitu cha babu yake.

Na tulipokuwa tukiuliza asili ya jina hili la MG, tulipata habari iliyotufurahisha sana, nasi twaomba ruhusa tuikawilie kidogo. Herufi hizo mbili zatokana na gereji za bwana mmoja wa Oxford, jina lake William Morris. Huyu hakuzaliwa tajiri. Mwaka 1893, alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, alianza kutengeneza baiskeli nyumbani kwa wazazi wake, na mtaji wake ulikuwa pauni 4. Kutoka baiskeli akaingia pikipiki, na kutoka pikipiki akaingia motokaa, hata akawa mmoja wa waundaji wakuu wa Uingereza, akapewa cheo akaitwa Lord Nuffield. Hakujaliwa kupata mtoto. Mali yake akaigawa angali hai: mwaka 1936 aliahidi pauni milioni mbili kwa mafundisho ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 1937 akatoa pauni milioni moja kwa kuanzisha koleji yenye jina lake, na mwaka 1943 akaweka pauni milioni kumi katika mfuko wa wakfu. Jumla ya alivyotoa maishani mwake yakadiriwa kupata pauni milioni 30.

Lakini iliyotugusa sisi ni habari ya masanduku ya kupumulia. Siku zile ugonjwa wa polio ulikuwa ukiwapooza watoto hata misuli ya kifua ikashindwa kuvuta pumzi. Palikuwa na mashine, yaani sanduku kubwa alazwamo mgonjwa mwili mzima, kichwa kikabaki nje, na mashine humvutia pumzi mahali pa kifua chake. Mashine hizo zilikuwa ghali na chache. Mwaustralia mmoja, Edward Both, alibuni moja ya mbao nyepesi isiyo na gharama kubwa. Mwaka 1938 Lord Nuffield alipopata habari zake alitenga sehemu ya kiwanda chake cha motokaa kule Cowley, akaahidi kuunda mashine hata 5,000 na kuzitoa bure kwa hospitali yo yote ya Uingereza na ya makoloni itakayoomba. Wako waganga wakubwa waliomlaumu, wakasema zitaangukia mikononi mwa wasiojua kuzitumia. Hata hivyo zaidi ya elfu moja zilitolewa. Basi mafundi waliozoea kuunda vyombo vya mwendo waliunda pia vyombo vya pumzi. Lord Nuffield alikufa mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya MGB ya kwanza kutoka. Tulimwandikia rafiki yetu habari hii, naye akajibu kwamba aliijua tangu ujana, na kwamba mara ya kwanza alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alionyeshwa sanduku moja la namna ile limewekwa pembeni mwa ghala ya hospitali.

Turudi kwa barua. Shauri la kwanza lililotolewa katika halmashauri lilikuwa motokaa ije huku. Vijana ndio waliolishika sana. Walikuwa wameona picha, na mmoja alisema kwamba motokaa hiyo yaweza kuendeshwa mbele ya maandamano ya jubilei. Twakiri kwamba hata baadhi ya wazee walitabasamu. Ndipo mtunza hazina alipouliza maswali matatu, nayo yalitosha. Akauliza, itapitaje mto wetu siku za mvua, ikiwa tumbo lake liko shibiri moja tu juu ya ardhi? Akauliza, vipuri vyake vitatoka wapi? Akauliza tena, forodhani tutalipa nini? Tukatafuta habari. Wakati ule katika nchi za Afrika Mashariki ushuru wa kuingiza motokaa ulikuwa asilimia 25 ya thamani yake, tena huku Tanzania pana kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, tena pana ushuru mwingine juu ya magari yaliyozeeka. Jirani zetu wa Kenya hawaipokei kabisa motokaa iliyopita miaka minane tangu kuandikishwa. Na hapo hatujataja nauli ya meli. Hata kama tungeomba msamaha wa ushuru tukapewa, tungepata nini? Tungepata kitu kizuri cha kutazamwa, kisha tungekiuza kwa nani? Wapenzi wa motokaa hizi wako kule kule zilikozaliwa. Kuileta huku kungekuwa kama kupeleka mnazi milimani.

Basi tukamwandikia: motokaa ibaki Uingereza, iuzwe huko, na fedha ndizo zije.

Hapo likazuka shauri la pili. Rafiki yetu anaye binti aliyeolewa Marekani, naye alimwambia baba yake kwamba jambo ni rahisi mno. Kwao Marekani, alisema, mtu akitaka kutoa motokaa hupiga simu tu. Watu huja na gari la kukokota, huichukua, humwachia hati, na mtoaji hupunguziwa kodi. Ni kweli, desturi hiyo iko na imeenea sana. Lakini tulipochungua tuliona kwamba Wamarekani wenyewe waliwahi kuungulika nayo. Mwaka 2003 wakaguzi wa hesabu wa Bunge lao walitoa taarifa juu ya motokaa zitolewazo sadaka, na ndani yake mna kisa cha lori moja la mwaka 1983. Mwenyewe alipoandika hesabu ya kodi alilithamini kuwa dola 2,400. Lilipouzwa lilileta dola 375. Yakatolewa malipo ya walioshughulikia na gharama za matangazo, kisha kilichobaki kikagawanywa kati yao na chama cha hisani. Chama kilipata dola 31 na senti 50. Tulipoisoma habari hii katika halmashauri watu walicheka, kisha wakanyamaza. Mzee mmoja akauliza, "Na yule mwenye lori, alijua?"

Kwa sababu ya mambo kama hayo sheria yao ilibadilishwa mwaka 2004. Sasa, kwa kawaida, mtu akitoa motokaa ya zaidi ya dola 500, nacho chama kikaiuza, hawezi kuandika katika kodi ila kile kiasi kilichopatikana kweli katika mauzo, nacho chama humpa hati ya kushuhudia. Chama kikiitumia motokaa yenyewe kwa kazi yake, au kikiitengeneza hasa, au kikimpa maskini kwa bei ndogo, hapo hesabu huwa nyingine. Twaiona ni sheria njema. Walakini haimfai rafiki yetu, maana kodi yake hailipi Marekani.

Sheria ya Uingereza yaenda njia nyingine, na mambo haya tuliyajua kwa msaada wa chama cha marafiki zetu kilichoandikishwa kule kwa kazi za hisani. Kule Serikali ina mpango wa kuongeza sadaka: mlipa kodi akitoa pauni moja kwa chama kilichoandikishwa na kutia sahihi katika karatasi yao, chama hudai kwa Serikali senti 25 za pauni hiyo, ambazo ni sehemu ya kodi aliyokwisha kuilipa mtoaji. Lakini mpango huo ni wa fedha tu. Ukitoa kitu, kama kabati au motokaa, hakuna nyongeza. Basi sikilizeni ajabu hii: mtu akikabidhi motokaa yake kwa chama, nacho kikaiuza pauni 1,000, chama kina pauni 1,000. Mtu huyo huyo akiiuza mwenyewe, kisha akatoa zile fedha, chama kina pauni 1,250. Motokaa ni ile ile, na mnunuzi ni yule yule! Tena faida ya kuuza motokaa ya mtu binafsi haitozwi kodi kule, kwa hiyo mwenye kuuza hana hasara. Kiko kitu kimoja cha kuangalia: mtoaji awe amelipa kodi mwaka ule isiyopungua ile itakayodaiwa, asije akadaiwa yeye. Rafiki yetu hulipa kodi juu ya malipo yake ya uzee, na ilitosha.

Iko njia ya tatu, nayo ni ya wasia. Mtu aweza kuandika kwamba akifa motokaa yake iende kwa chama cha hisani. Mali iliyotolewa hivyo haitozwi kodi ya urithi. Rafiki yetu aliifikiri, akaikataa. Aliandika kwamba kutoa kitu ambacho huwezi tena kukishika si kazi kubwa, na kwamba yeye anataka kuona.

Tulikuwa tumefika hapo, na barua ya kumwambia auze ilikuwa imekwisha kuandikwa, ndipo mama mmoja wa halmashauri aliposema neno ambalo hatukulifikiri. Alisema, "Huyu mzee ana mtoto wa kiume. Mbona barua zote zinamtaja binti, na huyu hatajwi?" Tukazisoma tena barua. Katika ile ya pili palikuwa na mstari mmoja: mwanangu hasemi neno. Mama yule akasema kwamba mtoto asiyesema neno amesema mengi.

Hapa halmashauri iligawanyika, nasi hatutawaficha. Wengine walisema mambo ya nyumba ya mtu si yetu, na mali ni ya mzee, naye ana haki ya kumpa amtakaye. Wakasema tena, na neno hili lilikuwa zito, kwamba jokofu la chanjo limekufa, na mama wajawazito huchukuliwa kwa machela ya miti hata barabara kuu. Tukianza kuuliza juu ya kijana yule tutaipoteza zawadi kwa kujitakia. Wengine wakasema kitu kilichotolewa huku nyumba inanung'unika kitatufuata. Tulikaa hata usiku. Mwisho tukapiga kura, na kwa kura mbili tu tukaamua kumwandikia mzee kwamba tunashukuru, ila tunamwomba kwanza amwulize mwanawe wazi wazi, na jibu lo lote litakalotoka tutalipokea.

Majibu yalikawia wiki saba. Kuna mjumbe mmoja ambaye katika wiki hizo saba hakutusalimu.

Jibu lilipokuja halikutoka kwa baba, lilitoka kwa mwana. Aliandika kwamba alizaliwa mwaka 1979, na kwamba alijifunza kushika usukani katika motokaa ile akiwa amepakatwa na baba yake. Tangu siku aliposikia kwamba itatolewa alikasirika, akaona haya kusema, kwa maana ni vigumu mtu kushindana na zahanati. Sasa baba yake amemwuliza. Alitaka kuinunua yeye mwenyewe kwa bei ya haki, fedha zije kwetu. Lakini amepiga hesabu, ana watoto wawili shuleni na nyumba bado anailipia, hana uwezo. Kwa hiyo ameridhika iuzwe, kwa sharti moja: kwamba yeye ndiye atakayeiendesha mpaka mnadani. Tuliisoma barua hiyo mara mbili, na yule mjumbe akamsalimu tena mama yule.

Kazi ya kuiuza ndipo ilipoanza. Kwanza ni hati. Kule motokaa ina kitabu cha kuandikishwa, na bila hicho mnunuzi hutia shaka. Tena kwa motokaa za MG jumba la kumbukumbu la motokaa lililoko Gaydon latunza daftari za viwanda vya zamani, nalo, kwa malipo, humwandikia mtu cheti cha kusema motokaa yake iliundwa siku gani, ikiwa na rangi gani na injini ya namba gani. Cheti cha rafiki yetu kilionyesha kwamba injini iliyomo ndiyo iliyozaliwa nayo, na jambo hilo wanunuzi hulipenda. Naye alikuwa ameweka kila stakabadhi ya fundi tangu mwaka 1971 katika sanduku la viatu.

Kisha akaitwa fundi aichunguze, na hapo pakatoka habari mbaya. Yafaa mjue kwamba MGB haina fremu ya chuma chini yake kama lori. Nguvu yake yote imo katika bodi lenyewe, na hasa katika kingo zilizo chini ya milango. Uingereza ni nchi ya mvua, na wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Kikulacho ki nguoni mwako. Juu rangi ilikuwa yang'aa, lakini fundi alipobonyeza kingo kwa bisibisi, bisibisi iliingia ndani. Mzee alikuwa akitegemea pauni 14,000. Fundi akasema, ilivyo hivi itapata nusu ya hizo au zaidi kidogo, na kuitengeneza kwaweza kula faida yote. Tena kule motokaa iliyopita miaka 40 hailazimishwi tena kukaguliwa kila mwaka. Mzee alifurahia msamaha huo, kumbe ndio uliomficha kutu.

Wengine wetu walisikitika, na mmoja akasema tungoje, kwa kuwa amesikia motokaa za zamani huuzwa kwa mamilioni. Hakudanganyika. Mwaka 2015 palikuwa na mnada kule Duxford wa Ferrari mbili za marehemu Richard Colton, mtu wa Northamptonshire, aliyeziacha kwa wasia kwa chama cha mashua za kuokoa watu baharini, ambacho kimekuwapo tangu 1824. Zilipata zaidi ya pauni milioni nane na nusu, na leo katika mji wa Hastings iko mashua ya kuokolea yenye jina lake na la mkewe. Hizo zilikuwa za Kiitaliano. Lakini hata za Kiingereza zimo. Mwamerika mmoja mwenye kituo cha redio, Jerry Lee, mwaka 1969 alinunua kwa dola 12,000 Aston Martin DB5 iliyotumiwa katika sinema za James Bond. Akaiweka nyumbani miaka 40, akiiendesha kwa nadra. Mwaka 2010 ikauzwa London kwa zaidi ya pauni milioni mbili na nusu, na fedha zikakusudiwa mfuko wake wa kusaidia kazi ya kupunguza uhalifu. Walakini Ferrari ile kubwa ya Colton ni ya namna ambayo hazikuundwa hata mia mbili, na Aston Martin yenye vifaa vile vya sinema ni kama haina mwenzake. MGB ni nusu milioni na zaidi. Kungoja kusingeifanya iwe adimu. Kungeiongezea kutu tu.

Pakawa na swali moja dogo zaidi, nalo ni hili: je, kutu itangazwe? Dalali alisema si lazima kuisema kwa sauti, kwani mnunuzi ana macho yake. Mzee akakataa. Akaagiza iandikwe katika karatasi ya mnada, na picha ya kingo zilizooza ipigwe na kuwekwa pamoja na picha ya rangi inayong'aa. Nasi tulimwandikia kwamba tunakubali, ingawa hakutuuliza.

Siku ya mnada ilikuwa mwezi wa Mei 2022. Mwana aliiendesha, baba yake ameketi kiti cha pili, na turubai limefunguliwa ingawa kulikuwa na manyunyu. Walipita njia ndefu. Mnada wenyewe haukupata dakika tatu. Nyundo ilianguka kwa pauni 8,600, na mnunuzi alikuwa fundi wa bodi, mtu asiyeogopa kutu. Alisema ataivua yote na kuishona upya. Dalali akatoa ujira wake, zikabaki pauni 7,800. Mzee akazikabidhi zote kwa chama cha marafiki zetu, akatia sahihi ile karatasi, na Serikali yao ikaongeza 1,950. Jumla iliyoletwa kwetu ni pauni 9,750.

Fedha hizo zimetumika hivi. Tulinunua jokofu la chanjo litumialo nguvu ya jua, ndilo lile jeupe lililo chumba cha pili. Tulinunua pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda na paa, ya kuwachukulia wagonjwa, ambayo wengi wenu mmeipanda au mmewapandisha ndugu zenu. Tulitengeneza paa la chumba cha uzazi. Zilizobaki zimewekwa benki kwa ajili ya mipira na mafuta ya pikipiki hiyo, na hazitoshi zaidi ya mwaka ujao. Daftari la hesabu liko kwa mtunza hazina, pamoja na nakala ya karatasi ya mnada na picha zake mbili, ile ya rangi na ile ya kutu. Na kila atakaye kuyaona mambo haya kwa macho yake aende kwake kesho baada ya saa tatu, atafunguliwa.